Kuinadi Chupa: David Maillu na Uuzaji wa Vitabu vya Ucheshi Mchungu nchini Kenya, 1972–1991

Utangulizi

Historia ya fasihi ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya watunzi na maudhui yao. Tumefundishwa, nasi twawafundisha wanafunzi wetu, ni nani aliyeandika nini, katika mwaka gani na kwa mtazamo upi. Ni nadra tukauliza kitabu kilimfikiaje msomaji: kilipigwa chapa kwa fedha za nani, kilikuwa na ukubwa gani, kilipangwa wapi, na ni kitu gani kilichomfanya karani mwenye shilingi chache mfukoni aache kununua bia ya pili akanunua kitabu. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutumia mfano wa mwandishi mmoja, David G. Maillu, aliyeanzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, mjini Nairobi mwaka 1972, na ambaye katika miaka minne hivi iliyofuata aliwafikia wasomaji ambao wachapishaji wakubwa walikuwa wamewasahau.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la lugha za Kiafrika lijishughulishe na mtu aliyepata umaarufu kwa maandishi ya Kiingereza. Kwanza, Maillu hakuanza kwa Kiingereza peke yake. Miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya Comb Books mwaka 1972 kilikuwamo kitabu chake cha methali za Kikamba. Pili, mwandishi huyo huyo alirudi kwetu mwaka 1989 na 1990 akiwa na vitabu viwili vilivyochanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja, na kwa maoni yetu vitabu hivyo haviwezi kueleweka mpaka tuelewe kwanza namna alivyokuwa akiuza vile vya awali. Wahakiki wa lugha wamezoea kulijadili jambo hilo kama suala la isimujamii tu. Ni suala la biashara pia.

Yafaa tueleze tunachokusudia kwa maneno “ucheshi mchungu”. Hatusemi juu ya vichekesho vya kuburudisha tu. Twazungumzia kicheko kinachotolewa penye ulevi, ufukara, fedheha na kifo. Watu wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Mtani anayefika matangani akaigiza namna marehemu alivyokuwa akila, akadai deni lake mbele ya waliofiwa, na watu wakacheka machozi yakiwa yangali mashavuni, anaifanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mtani haitaji kumwuzia mtu kicheko chake.

Kungoja nafasi katika basi la mwingine

Kijiji cha Mraru, karibu na mji wa Voi katika Taita, kinajulikana katika maandishi ya maendeleo kwa sababu ya basi. Mabasi yaliyokuwa yakipita kuelekea Voi yalifika yamekwisha kujaa, na palipokuwa na nafasi wanaume ndio walioipata kwanza. Mwaka 1971 wanawake wa kijiji wakaamua kununua basi lao wenyewe. Walichanga kidogo kidogo, wakatafuta mkopo wa kuongezea, na mwaka 1975 basi hilo lilikuwa barabarani. Baadaye faida yake iliwawezesha kufungua duka. Habari zao zilitolewa katika kijitabu kilichochapishwa New York mwaka 1980, na tangu hapo zimerudiwa mara nyingi na wataalamu ambao pengine hawajapata kufika Voi.

Tunautaja mfano huu kwa kuwa ni wa miaka ile ile, na kwa kuwa tatizo lilikuwa la aina ile ile. Mwandishi wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa akingoja kando ya barabara. Palikuwa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa katika miaka ya arobaini chini ya serikali ya kikoloni. Palikuwa na East African Publishing House, iliyoanza mwaka 1965. Na palikuwa na matawi ya makampuni ya Uingereza, kama vile Heinemann, Longman na Oxford. Magari hayo yote yalikuwa yakielekea upande mmoja, yaani shuleni. Kitabu kilichoingizwa katika orodha ya mitihani kiliweza kuuzwa kwa maelfu bila mwandishi wala mchapishaji kumbembeleza msomaji yeyote, maana msomaji huyo alikuwa mwanafunzi na hakuwa na hiari. Kitabu kisichofaa shuleni kilibaki kituoni.

Ni kweli kwamba mlango ulikwisha kufunguliwa kidogo. Okot p'Bitek alikuwa ameonyesha mwaka 1966, kwa Song of Lawino, kwamba utenzi mrefu wa mtu mmoja anayelalamika waweza kusomwa na watu wasio wanafunzi wa fasihi. Charles Mangua akafuata mwaka 1971 na Son of Woman, riwaya ya mtoto wa malaya anayeusimulia uovu wake mwenyewe kwa mzaha. Kitabu hicho, kilichotolewa na East African Publishing House, kiliuzwa kwa kasi iliyowashangaza wachapishaji wenyewe. Lakini Mangua alikuwa amepata kiti katika basi la wengine. Maillu alinunua basi.

Kitabu kama tangazo

Maillu alizaliwa mwaka 1939 huko Ukambani, na kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya usanii wa michoro katika Sauti ya Kenya. Jambo hili wahakiki hulitaja kama habari ya wasifu tu kisha wakaliacha. Sisi twaliona kuwa kiini cha mambo yote. Mtu aliyezoea kufikiri jinsi ya kulivuta jicho la mtazamaji katika sekunde chache hakuweza kukiona kitabu kama maneno matupu. Alikiona kama kitu chenye uso. Majalada ya vitabu vyake aliyatengeneza yeye mwenyewe, na hivyo tangazo na kitu kinachotangazwa vikatoka katika mkono mmoja.

Kabla ya kuandika alifanya jambo ambalo lingemwaibisha mwandishi wa chuo kikuu: alikwenda kuwauliza watu wangependa kusoma nini. Majibu yalihusu mambo ambayo mtu yeyote angeyatarajia, nayo ni mapenzi ya mwili, fedha, siasa, dini, kifo. Wako waliomcheka kwa hilo, wakisema kwamba mwandishi anayeuliza soko hana wito. Hatukubaliani nao. Msimulizi wa hadithi jioni huitazama hadhira yake, akaona ni wapi wanapiga miayo na ni wapi wanasogea karibu, kisha akarefusha au akafupisha. Mwandishi wa kitabu amenyimwa nafasi hiyo na karatasi. Utafiti wa Maillu, hata uwe wa kienyeji namna gani, ulikuwa njia ya kuirudisha hadhira mbele ya msimulizi.

Vitabu viwili vya mwanzo vilivyompa jina vilitoka mwaka 1973. Unfit for Human Consumption kinamhusu mtumishi wa serikali mjini Nairobi anayeutapanya mshahara wake kwa pombe na wanawake mpaka anaangamia. My Dear Bottle ni maneno ya mlevi anayeizungumzia na kuisifu chupa yake kama mtu anavyomsifu mpenzi, huku kila sifa ikimfichua zaidi. Vyote viwili vinachekesha, na katika vyote viwili kicheko kinakwama kooni.

Tuyatazame majina yake. “Unfit for human consumption” ni maneno ya bwana afya. Ni maneno yanayoandikwa juu ya nyama iliyooza ili watu wasiile. Kuyaweka juu ya jalada la kitabu ni kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa hii imekataliwa na serikali, na kila mwuza duka anajua kwamba hakuna sifa inayomvuta mtu kama hiyo. Lakini jina hilo lina ncha ya pili, kwani ni mhusika mwenyewe, karani aliyeliwa na mji, ndiye aliyeoza. Dhihaka na tangazo havitenganishiki. Halikadhalika After 4.30, kilichotolewa mwaka 1974. Saa kumi na nusu ndiyo saa ya kufunga ofisi. Wafanyakazi wote wa Nairobi waliijua saa hiyo mwilini mwao. Kitabu kinachozungumza juu ya mwanamke mpiga taipu na mkubwa wake wa kazi kilihitaji tarakimu tatu tu ili msomaji ajue kimeandikwa juu ya nani, na pengine acheke kwa wasiwasi akiwa bado dukani.

Majina mengine yalifuata umbo la barua: Dear Monika na Dear Daughter, vyote vya miaka ya kati ya sabini. Barua ya mtu mwingine ina mvuto wake. Katika nchi ambayo mume alikuwa mjini na mke shambani, barua ndiyo iliyobeba ndoa, na si barua zote zilizosomwa na mwenyewe tu. Ziko zilizosomwa na mtoto wa shule kwa sauti mbele ya mama asiyejua kusoma, akiruka maneno ambayo haikumfaa kuyatamka. Maillu alikuwa akimpa msomaji ruhusa ya kuyasoma maneno hayo. The Kommon Man, kilichotoka kwa sehemu tatu mnamo 1975 na 1976, kilimkosea mtu wa kawaida tahajia ya jina lake makusudi, nalo kosa hilo likawa alama ya kibiashara.

Ukubwa wa vitabu nao ulikuwa hoja. Vingi vilikuwa vidogo, vya kutiwa katika mfuko wa koti au mkoba. Kitabu cha mfukoni hakihitaji rafu, na msomaji aliyelengwa hapa aghalabu hakuwa na rafu. Kilisomwa kwenye foleni, wakati wa chakula cha mchana, au safarini. Sisi wa Taita twaujua usafiri vizuri kwa kuwa Voi ni mahali pa kupitia: reli ya Nairobi na Mombasa inapita hapo, barabara kuu inapita hapo, na njia ya Taveta na Moshi inaanzia hapo. Garimoshi la usiku la miaka ile lilikuwa chumba cha kusomea kilichowakusanya watu wengi kuliko maktaba nyingi za wilaya. Kitabu ambacho mtu aweza kukimaliza kabla ya kufika, kikapitia mikono mitatu njiani, kinafanya kazi ambayo hesabu za mauzo haziwezi kuionyesha.

Hata utenzi huru, ambao wahakiki waliudharau wakiuita nathari iliyokatwa vipande, ulikuwa na faida yake. Mistari mifupi haimchoshi mtu anayesoma lugha ya tatu kwa tabu. Inaacha nafasi nyeupe nyingi, ukurasa unageuzwa upesi, na msomaji anajiona hodari. Umbo hilo lilitoka kwa Okot, bila shaka, lakini Okot aliliumba kutokana na nyimbo za Kiacholi, naye Maillu alilitumia kwa ajili ya mtu aliyeacha shule baada ya darasa la saba au kidato cha pili. Twaamini kwamba huu ndio uvumbuzi wake mkubwa zaidi, na kwamba haukupata kusifiwa kwa sababu ulifanana mno na uvivu.

Laana na marufuku

Wasomi walivipokea vitabu hivi kwa hasira. Taban lo Liyong alikuwa ameilaumu Afrika Mashariki mwaka 1965 kwa ukame wa fasihi. Sasa mvua ilipokuja, wengi walisema ni ya maji machafu. Chris Wanjala alikuwa miongoni mwa wahakiki waliozishambulia kwa ukali zaidi riwaya pendwa za miaka hiyo. Malalamiko yake hayakuwa ya bure. Wanawake katika vitabu vya Maillu mara nyingi ni miili kwanza, na mahubiri yanayofungia hadithi hayafuti uroho wa kurasa zilizotangulia. Msomaji wa leo atalihisi jambo hilo kwa nguvu zaidi kuliko msomaji wa 1974. Lakini wahakiki hao hawakuuliza kwa nini karani na mpiga taipu walivinunua vitabu hivi kwa fedha zao wenyewe, hali vitabu vilivyosifiwa chuoni vilinunuliwa kwa fedha za Wizara.

Tena kila shambulio lilikuwa tangazo la bure. Mwandishi asiye na fungu la matangazo hupata faida kubwa pale mhadhiri anapolitaja jina lake kwa ghadhabu. Wako miongoni mwetu tuliokwenda ng'ambo kusomea shahada ya pili, tukafundishwa kwa heshima juu ya vijitabu vya soko la Onitsha, vilivyostawi nchini Nigeria katika miaka ya hamsini na sitini, na majalada yao yakaonyeshwa ukutani kama vitu vya jumba la makumbusho. Hakuna aliyetuonyesha jalada la Comb Books. Inaonekana fasihi ya mtaani huwa na thamani ikishakufa, na ikiwa ya nchi ya mwingine.

Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya Maillu. Hapa nadharia kwamba marufuku huuza kitabu yahitaji kuangaliwa kwa uangalifu. Marufuku huuza iwapo kitabu kinaweza kupenyezwa mahali kinapotakiwa. Katika nchi iliyokuwa ikijaribu kuujenga ujamaa tangu Azimio la Arusha la 1967, na iliyokuwa na mashaka hata na Rosa Mistika ya Kezilahabi kuhusu shule zake, vitabu vya Comb Books vilionekana kuwa mfano wa yale ambayo ubepari wa Nairobi ungeyaleta. Kisha, mwezi Februari 1977, mpaka wenyewe ukafungwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983. Watu wa Taveta hawahitaji kuelezwa maana ya miaka hiyo: soko lililokuwa hatua chache kutoka mlangoni likawa nchi ya mbali. Kwa mchapishaji mdogo aliyetegemea fedha za kitabu hiki ili kupiga chapa kile, kulikosa soko zima la jirani halikuwa jambo la kufidiwa na umaarufu. Comb Books ilianguka mwishoni mwa miaka ya sabini.

Hapo ndipo mfano wa basi la Mraru unapofikia kikomo chake, nao unastahili kuachwa. Kikundi cha wanawake kilikuwa na wanachama wengi waliogawana hasara na faida. Mwandishi aliyekuwa mchapishaji, mchoraji na mwuzaji wa bidhaa yake mwenyewe alikuwa amebeba hatari yote kichwani mwake.

Kwa upande wa Kiswahili hali haikuwa tofauti sana. Nchini Tanzania, Elvis Musiba aliziuza riwaya zake za upelelezi kwa njia kama hizo, na Ben Mtobwa akaanzisha Heko. Tofauti ni kwamba Tanzania ilikuwa na msomaji wa Kiswahili tayari, tangu Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Kenya ilikuwa na wasemaji wengi wa Kiswahili na wasomaji wachache wa kukisoma kwa hiari, kwani shule ilikuwa imewafundisha kwamba kitabu ni kitu cha Kiingereza.

Lugha kama chambo

Baada ya Comb Books, Maillu alianzisha kampuni nyingine kwa jina lake, na wakati huo huo akaandika kwa ajili ya watu wengine. Mwaka 1980 vitabu vyake viwili vilitolewa na Macmillan katika mfululizo wa Pacesetters, vikiwa na adabu zaidi na ladha pungufu. Tunaipita miaka hiyo upesi, maana ndani yake hakuhitaji kunadi kitu. Mfululizo ulijinadi wenyewe.

Jambo la kutuhusu lilitokea mwaka 1989 alipotoa Without Kiinua Mgongo, na mwaka uliofuata, Anayekukeep. Tayari majina yamesema yote. Katika la pili, kitenzi cha Kiingereza kimevishwa kiambishi cha nafsi, cha wakati, kirejeshi na kiambishi cha mtendwa, kikasimama wima kama kitenzi chochote cha Kibantu. Kiinua mgongo nacho ni neno ambalo mfanyakazi wa Kenya hulisikia kwa matumaini na hofu: ni malipo ya kumwaga mtu anayeondoka kazini, na mtu aliyeondoka bila hayo amekwisha kuchekwa kabla hadithi haijaanza. Ni kejeli ya Unfit for Human Consumption kwa mara nyingine, ila safari hii bwana afya amehamia ofisi ya waajiri.

Ikumbukwe kwamba tangu 1985, chini ya mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Wachapishaji walikimbilia Kiswahili sanifu cha vitabu vya kiada, nasi wahadhiri tulikuwa miongoni mwa waliofaidika. Katika wakati huo huo Maillu akafanya kinyume: akachapa lugha ambayo hakuna mwalimu angeipitisha, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikisemwa katika matatu na katika baa. Ni kosa kumhesabu kama mchafuzi wa lugha, na ni kosa pia kumhesabu kama mwanaisimu aliyeutetea mseto huo kwa nadharia. Alikuwa akifanya alichokifanya mwaka 1973: alikwenda mahali msomaji alipo, akasikiliza, akatengeneza jalada. Kwa mwandishi huyu lugha ilikuwa sehemu ya jalada.

Kama chambo hicho kilikuwa na ufanisi ni swali jingine. Lugha ya kuchanganya ni nyepesi sikioni na nzito machoni. Msomaji wa kawaida amezoea kuisema lakini hajazoea kuiona, hivyo huisoma polepole kuliko anavyosoma Kiswahili au Kiingereza kila kimoja peke yake. Wasomaji wetu wenye mashaka na jambo hili wajaribu kumpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ukurasa wa mseto na ukurasa wa Kiswahili sanifu, kisha wamsikilize akisoma kwa sauti. Ule wepesi ambao mistari mifupi ya My Dear Bottle ilimpa karani ulipotea hapa. Huenda ndiyo sababu mwandishi mwenyewe hakuifanya njia hiyo kuwa ya kudumu.

Mwaka 1991 alitoa Broken Drum, riwaya ya kihistoria yenye kurasa zaidi ya 1,000. Mtu aliyejijengea jina kwa vitabu vya kutiwa mfukoni alikuwa sasa ameandika kitabu kinachohitaji meza.